Aibu Isiwe Soko: Kisukari, Nguvu za Kiume na Mashine ya Mawimbi



Mwalimu wa Kiswahili katika mji wa Rumonge ana kazi moja isiyoandikwa katika mtaala wowote: huletewa maandishi ya watu ili awasomee. Huletewa barua ya korti kuhusu mpaka wa shamba la michikichi, fomu ya mkopo, ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu waliobaki Kigoma au Ulyankulu tangu familia zilipotawanywa na mauaji ya mwaka 1972. Nimeizoea kazi hiyo na ninaipenda. Ujumbe nilioletewa miezi michache iliyopita, hata hivyo, haujanitoka akilini mpaka leo.

Aliyeuleta ni mzee mmoja wa ufukweni, mtu wa heshima zake. Alifika baada ya sala ya alasiri, akaketi, akauliza hali ya watoto, akaulizia bei ya ndagala, akalalamika juu ya maji ya ziwa yaliyopanda na kumeza vibanda vya watu. Nilijua kwamba hayo yote yalikuwa dibaji. Hatimaye akanipa simu yake, akasema, “Mwalimu, nisomee hili. Nimelielewa, lakini nataka nilisikie kwa sauti ya mtu mwingine.”

Lilikuwa tangazo kutoka mji mkubwa wa nchi jirani, limeandikwa kwa Kiswahili kizuri ambacho ningependa wanafunzi wangu wakiandike. Lilieleza habari za mashine inayopeleka mawimbi ndani ya mwili na kurudisha nguvu za kiume bila kisu, bila kidonge na bila maumivu, “hata kwa wenye kisukari”. Bei ilikuwa imepunguzwa kwa mwezi huo tu. Mzee ana kisukari kwa miaka mingi. Alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya safari na ya matibabu. Ili akiba itimie upesi, alikuwa amefanya jambo alilonisimulia kana kwamba ni dogo: vidonge vyake vya sukari, alivyoandikiwa viwili kwa siku, alikuwa akimeza kimoja. “Vidonge sioni vinachofanya,” alisema. “Hiki nitakiona.”

Kauli hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Siandiki ili kumcheka mtu yeyote, wala sitasema kwamba mashine hiyo ni uongo mtupu, kwa maana si uongo mtupu, na nitaeleza kwa nini. Hoja yangu ni moja: maradhi haya yamekuwa biashara kubwa kwa sababu tumeyafanya kuwa aibu. Mgonjwa mwenye haya hawezi kuuliza, na mnunuzi asiyeuliza huuziwa chochote. Kwa hiyo jambo tunalolidhani ni siri ya chumbani ni jambo la uraia.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo taaluma yangu. Kiswahili chetu huuita ugonjwa huu upungufu wa nguvu za kiume. Neno “kiume” lina maana mbili. Lina maana ya jinsi, na lina maana ya ushujaa: twamwambia kijana ajikaze kiume, twamsifu aliyekufa kiume. Basi mtu ambaye mshipa wake wa damu umedhoofika huambiwa, kwa maneno hayohayo, kwamba amepungukiwa ushujaa na utu uzima wake. Neno la zamani zaidi, hanithi, ni baya kuliko hilo, kwa kuwa limekwisha kuwa tusi. Na vijana vijiweni wana mzaha wao wa jogoo asiyepanda mtungi. Fikiri, msomaji wangu: mtu akidhoofika macho, twasema haoni vizuri. Hatusemi kwamba amepoteza ubinadamu. Mbona kiungo hiki kimoja kikishindwa kazi twamhukumu mtu mzima?

Huku kwetu kuna ugumu mwingine tena. Faili ya hospitali huandikwa Kifaransa, mazungumzo ya nyumbani ni Kirundi, na ya sokoni na ya msikitini ni Kiswahili. Ugonjwa wa haya huanguka katikati ya lugha hizo tatu na kukosa pa kutajwa. Mgonjwa huzungumza na daktari kuhusu sukari, huzungumza na mkewe kuhusu uchovu, na jambo lenyewe hulizungumza na simu yake peke yake usiku. Simu haina haya, na wenye kutangaza wanalijua hilo. Mimi napendekeza tuseme waziwazi: tatizo la kusimama kwa uume. Ni maneno ya kawaida, hayamtukani mtu, na muuguzi yeyote atayaelewa.

Sasa tutazame mwili wenyewe unavyofanya kazi. Uume husimama kwa damu. Ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva. Neva na utando wa ndani wa mishipa hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi. Hewa hiyo huilegeza misuli ya mishipa, mishipa ikapanuka, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiliwa humo. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua jinsi hewa hiyo inavyotumika mwilini kama mjumbe. Mwaka huohuo kidonge cha sildenafili, kinachojulikana kwa jina la Viagra, kiliidhinishwa nchini Marekani. Kazi yake ni kurefusha athari ya mjumbe huyo.

Kisukari huharibu njia hiyo mahali pengi kwa wakati mmoja. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, hukwaruza utando wa ndani wa mishipa na kuifanya migumu na myembamba. Hula pia neva, kama inavyozila neva za nyayo mpaka mtu akanyage msumari asisikie. Wanaume wengi wenye kisukari hupungukiwa pia homoni ya kiume. Juu ya hayo huja presha, ambayo mara nyingi huandamana na kisukari, na dawa chache za presha zenyewe zinaweza kuongeza tatizo. Mwisho huja hofu: aliyeshindwa mara moja huogopa mara ya pili, na hofu peke yake hutosha kumshinda tena.

Kwa sababu hiyo tatizo hili si la watu wachache wenye bahati mbaya. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wenye umri kati ya miaka 40 na 70 walikuwa na tatizo la kusimama kwa kiwango fulani, na kwamba wenye kisukari walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa baadaye kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba takribani nusu ya wanaume wenye kisukari wanalo. Ukikaa barazani na wenzako wanne wenye kisukari, inawezekana kabisa wawili kati yao wananyamaza juu ya jambo hilohilo unalolinyamazia wewe.

Tena kuna jambo ambalo tangazo la mzee halikulitaja hata kwa neno moja. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, upana wake ni kama milimita moja au mbili. Mishipa ya moyo ni mipana zaidi, milimita tatu au nne. Uchafu unaoiziba ni mmoja. Kijito huziba kabla ya mto. Madaktari wameona kwamba mara nyingi tatizo la kusimama hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Basi kiungo hicho huwa kimeleta habari mapema, wakati ambapo bado kuna la kufanya. Anayeficha habari hiyo, au anayelipa pesa nyingi ili inyamazishwe, ni kama baharia anayeng'oa kengele ya chombo kwa kuwa inampigia kelele. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu methali hiyo ni kweli kwa herufi zake zote.

Na ile mashine? Historia yake ni ya heshima. Mwezi Februari mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari walimtibu kwa mara ya kwanza mgonjwa mwenye mawe ya figo kwa kutumia mawimbi ya mshtuko yaliyopigwa kutoka nje ya mwili. Mawe yalivunjika bila kisu. Tiba hiyo ilienea duniani na inatumika mpaka leo. Baadaye ikaonekana kwamba mawimbi hayohayo, yakipunguzwa nguvu sana, yanaweza kuchochea mwili kuotesha mishipa midogo mipya ya damu. Mwaka 2010 daktari Yoram Vardi na wenzake wa mji wa Haifa, Israel, walichapisha jaribio lao la kwanza la mawimbi hayo dhafifu kwa wanaume wenye tatizo la kusimama. Walioshiriki walikuwa 20. Tatizo lao lilikuwa la mishipa ya damu, na vidonge vilikuwa tayari vinawasaidia. Wengi wao walipata nafuu, na tangu hapo tafiti zimefuatana.

Matokeo ya tafiti hizo ni ya mchanganyiko. Baadhi zinaonyesha nafuu kiasi, hasa kwa wenye tatizo dogo. Nyingine hazionyeshi tofauti kubwa kati ya waliopigwa mawimbi ya kweli na waliowekewa mashine isiyotoa kitu bila wao kujua. Madhara hayakuwa makubwa, na hilo ni jema. Lakini nafuu itadumu muda gani, mtu apigwe mawimbi mangapi na kwa nguvu gani, hayo bado yanachunguzwa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kilisema katika mwongozo wake kwamba tiba hii ihesabiwe kuwa bado iko katika uchunguzi. Chama cha madaktari wenzao wa Ulaya kimeiruhusu kwa wagonjwa wa aina fulani, hasa wenye tatizo dogo la mishipa, nacho kimelitoa pendekezo hilo kama pendekezo dhaifu. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani haijaiidhinisha kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kwa mwenye kisukari hoja inazidi kuwa nzito. Mawimbi, hata yakifanya kazi kama inavyotarajiwa, hutibu mishipa ya damu. Nimeeleza hapo juu kwamba kisukari huharibu mishipa, neva na homoni pamoja. Ukifungua mfereji wa maji huku mwenye kufungua lango amekufa, shamba halitapata maji. Tena mishipa mipya, ikiota, itaota ndani ya damu ileile yenye sukari iliyoiharibu mishipa ya kwanza. Mzee wangu alikuwa anapunguza dawa ya sukari ili alipie mashine ya mishipa. Alikuwa anabomoa kwa mkono mmoja nyumba aliyotaka kuijenga kwa mkono wa pili, na hakuna aliyemwambia.

Wala simlaumu kwa kutamani. Mfa maji haishi kutapatapa. Tukumbuke mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, wakisubiri kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kiliuzwa shilingi 500, na wenye kisukari walikuwa miongoni mwa walioahidiwa kupona. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Hasara kubwa haikuwa shilingi 500. Hasara ilikuwa dawa iliyoachwa, na hasara hiyo hiyo ndiyo niliyoiona katika mkono wa mzee aliyeketi mbele yangu.

Kuna wanaokwepa mashine na kukimbilia unga na chupa za sokoni: vumbi la Kongo, mizizi, vidonge vya “asili” visivyo na jina la mtengenezaji. Hapo hatari ni kubwa kuliko ya mashine. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150, karibu wote wanaume, walilazwa hospitalini kwa kushukiwa na sukari ghafla. Ilipochunguzwa, baadhi yao walikuwa wamemeza dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kiholela, na ndani yake mlikuwa na glibenklamaidi, dawa kali ya kushusha sukari, ambayo haikutajwa popote kwenye pakiti. Watu 4 walifariki. Katika nchi nyingi pia dawa za “asili” zimekutwa zimechanganywa na sildenafili kwa siri. Anayetumia dawa za moyo za aina ya naitrati akimeza sildenafili bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka hata akafa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kinachojitembeza bila jina lake kukiogopa ni wajibu.

Basi raia afanye nini anapoletewa tangazo? Aulize. Nakupa maswali matano, uyaandike mahali.

La kwanza: nani amenipima, na amepima nini? Anayekuuzia tiba kabla ya kupima sukari, presha na moyo, na kabla ya kukuuliza dawa unazotumia, hatibu, anauza.

La pili: mashine hii ni ya aina gani, na mamlaka gani ya afya imeiruhusu kwa ugonjwa huu? Ziko mashine zinazotoa mawimbi ya mshtuko yanayolengwa ndani, na ziko nyingine zinazogonga juu ya ngozi tu, za kutibu misuli na viungo, ambazo hutangazwa kwa jina lilelile. Tofauti yake ni kubwa, na mgonjwa hawezi kuiona kwa macho.

La tatu: utafiti mnaoutegemea uliwahusu watu kama mimi? Wenye kisukari cha miaka mingi, wenye ganzi miguuni? Au uliwahusu watu wenye tatizo dogo ambao vidonge tayari viliwafaa?

La nne: gharama yote ni kiasi gani mpaka mwisho, na nisipoona mabadiliko itakuwaje? Katika jaribio lile la Haifa kila mgonjwa alipigwa mawimbi mara 12 kwa muda wa wiki 9. Hebu tupige hesabu ya kwetu. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita 75 hivi. Hata kama mashine ingekuwa Bujumbura, safari 12 za kwenda na kurudi ni takribani kilomita 1,800, katika nchi ambayo kila mmoja wetu anajua foleni za mafuta na nauli zinavyopanda. Ikiwa mashine iko Dar es Salaam au Nairobi, mgonjwa atalala wapi wiki 9, na nani atavua samaki wake?

La tano: kuna njia gani nyingine, na kwa nini hujanitajia? Daktari mwaminifu huanza na yaliyo rahisi na yenye ushahidi.

Na yaliyo rahisi yapo. Pima sukari. Sukari ya damu kabla ya kula asubuhi ikifika miligramu 126 kwa desilita, na kipimo kikarudiwa kikawa vilevile, huo ni kisukari, na wako wanaume wengi waliogundua kisukari chao kwa mara ya kwanza kwa njia ya tatizo hili la chumbani. Mwenye kisukari tayari ameze dawa yake kama alivyoandikiwa. Metformini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Apime presha. Aache sigara. Atembee kwa miguu kila siku, na apunguze soda na sukari ya chai. Ikiwa anashuku dawa ya presha, asiiache mwenyewe, bali amwambie daktari, ambaye aweza kuibadilisha. Baada ya hapo daktari aweza kumwandikia sildenafili kwa kipimo kinachomfaa. Siku hizi iko ya bei nafuu isiyo na jina la kibiashara. Kwa wenye kisukari haifanyi kazi vizuri kama kwa wengine, lakini wengi huwasaidia. Ikishindikana ziko sindano, ziko pampu za kuvuta damu, na upasuaji mahali penye wataalamu. Mashine ya mawimbi, ikiwa ina nafasi, nafasi yake iko mwishoni mwa safari hii, mikononi mwa daktari anayefuatilia matokeo, na mgonjwa akijua kwamba anashiriki jambo ambalo bado linachunguzwa.

Nimezungumza na mgonjwa. Sasa nazungumza na jamii na serikali, kwa kuwa si haki kumwachia mgonjwa mzigo wote.

Katiba yetu ya mwaka 2018 inatambua haki ya kila mtu kupata huduma za afya. Tangu mwaka 2006 mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure nchini Burundi, na hilo ni jambo la kujivunia. Maradhi ya muda mrefu hayajapata msukumo kama huo. Wenye kadi ya CAM na watumishi wenye bima hupata nafuu ya gharama, lakini kadi haina faida ikiwa dawa haipo kwenye kabati. Mgonjwa anayekosa metformini kituoni mara tatu mfululizo hatarudi mara ya nne. Atasikiliza simu yake. Kwa hiyo ukitaka kupunguza nguvu ya matangazo, jaza kwanza kabati la dawa.

Mamlaka ya kudhibiti dawa na vyakula, ABREMA, iko kwa ajili yetu. Raia aliyeuziwa dawa isiyo na jina, au aliyeona tangazo linaloahidi kuponya kisukari, ana haki ya kupeleka habari, na mamlaka ina wajibu wa kumsikiliza bila kumuumbua. Matangazo haya huvuka ziwa na mipaka kwa urahisi kuliko samaki, na lugha yake ni Kiswahili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikiweza kukubaliana juu ya ushuru wa bidhaa, zaweza pia kukubaliana juu ya ukweli wa tangazo la tiba.

Nawaomba pia wauguzi na madaktari. Mwenye kisukari akija kliniki, mnamuuliza kuhusu macho na miguu. Mwulizeni na hili, kwa sauti ya chini, mkiwa mmefunga mlango. Swali moja la dakika moja kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe humwondolea mgonjwa mzigo wa kuanza yeye. Nawaomba maimamu na mapadre, ambao hushauri wanandoa: mkiletewa ugomvi wa nyumba, msiharakishe kumlaumu mume kwamba ana mwanamke nje, wala mke kwamba hana subira. Huenda ndani ya ugomvi huo mna kisukari ambacho hakijapimwa. Nawaomba na ninyi dada zetu. Mume akianza kulala mapema na kugeukia ukutani, si lazima awe amekuchoka. Mwambie twende sote tukapime. Mkifuatana wawili, mlango wa kituo huwa mwepesi kusukuma.

Yule mzee nilimweleza sehemu ya haya, si yote. Alisikiliza, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo nikamwambie haya yule binti wa kituoni, ambaye ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu?” Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba akitaka nitamsindikiza na kukaa nje. Tulikwenda asubuhi ya Jumatatu. Alikaa ndani nusu saa. Alipotoka alisema binti hakucheka, alifunga mlango, alimpima sukari na presha, na alimkaripia kwa heshima juu ya kile kidonge kimoja. Sukari ilikuwa juu sana. Amerudi kwenye vidonge viwili, na ana miadi na daktari wa hospitali.

Sijui kama mambo yake ya chumbani yametengenea, na si kazi yangu kumuuliza. Najua kwamba akiba yake bado anayo, na kwamba sasa ana mtu wa kumuuliza maswali ambaye si simu yake. Nawe, ndugu msomaji, ikiwa unasoma makala haya usiku ukiwa umegeukia ukutani, kituo cha afya hufunguliwa asubuhi. Nenda ukapime sukari, na kabla hujatoka, litaje na hilo lingine.